Je, Wajua? Wajapani Waliovuka Bahari

Sogea hapa kwanza. Je, wajua kwamba tarehe 25 Juni 2024, kwenye dhifa ya kitaifa katika Kasri la Buckingham, Mfalme Charles wa Tatu alimkaribisha Mfalme Naruhito wa Japani kwa Kijapani, kwa maneno anayoambiwa mtu anaporudi kwake? Alikuwa na sababu. Naruhito aliishi Oxford kuanzia 1983 hadi 1985, akisoma Chuo cha Merton. Na unadhani alitafiti nini? Usafiri wa mashua katika Mto Thames wa karne ya 18!

Huko Oxford mtoto huyo wa kifalme alijifulia nguo mwenyewe. Siku moja akaijaza mashine kupita kiasi, povu likafurika sakafuni! Tunalijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia katika kitabu cha kumbukumbu zake. Mkewe, Malkia Masako, alianza kuishi ng'ambo mapema zaidi: utoto wake ulipita Moscow na New York, akahitimu Harvard mwaka 1985, kisha naye akaenda kusoma Oxford. Yaani wageni wa heshima wote wawili wa usiku ule walishawahi kuwa wanafunzi Uingereza.

Usiku uleule Charles alimtaja pia Hello Kitty, yule wa katuni mwenye utepe kichwani, kwa kutimiza miaka 50. Waliomtunga ni Wajapani, lakini wajua kwao ni wapi? Wamemfanya mzaliwa wa London!

Sasa turudi nyuma karibu karne 4, na hapa utashtuka. Mwaka 1635 watawala wa Japani walipiga marufuku raia wao kwenda ng'ambo, na aliyekwenda akarudi, adhabu yake ilikuwa kifo. Ruhusa ya kusafiri ilikuja 1866. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 230 ya mlango kufungwa!

Kabla haujafungwa, samurai Hasekura Tsunenaga aliondoka Japani mwaka 1613, akakutana na mfalme wa Hispania, kisha na Papa Paulo wa Tano mjini Roma. Baadhi ya watu wa msafara wake inaaminika walibaki karibu na Seville. Mpaka leo, katika mji wa Coria del Río, kuna mamia ya Wahispania ambao jina lao la ukoo ni Japón!

Na Manjiro je, umewahi kumsikia? Mwaka 1841, akiwa na miaka 14, dhoruba iliichukua mashua ya uvuvi aliyokuwamo na wenzake 4, ikawatupa kwenye kisiwa kisicho na watu. Meli ya Wamarekani ya kuwinda nyangumi ikawaokoa, na nahodha akampeleka kijana shule Massachusetts. Akavua nyangumi, akachimba dhahabu California, akanunua mashua, akarudi Japani 1851 akijua sheria ile ya kifo. Hawakumuua! Kiingereza chake kilihitajika mno, na mtoto wa mvuvi akapandishwa hadi kuwa samurai.

Mwaka 1863 vijana 5 wa jimbo la Choshu walitoroka kwa siri kwenda kusoma London. Mmoja wao, Ito Hirobumi, ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885, akiwa na miaka 44. Kosa la adhabu ya kifo, miaka 22 baadaye kiti cha juu kabisa cha serikali!

Ngoja, Ito bado ana jambo. Januari 1872 ujumbe wa Japani ulifanyiwa dhifa kubwa katika hoteli moja ya San Francisco. Ito akasimama akahutubia kwa Kiingereza, akiwaeleza Wamarekani kwamba lile duara jekundu la bendera ya Japani ni jua linalochomoza.

Katika msafara huohuo walikuwamo wasichana 5 waliopelekwa kusoma Marekani. Mdogo kuliko wote, Tsuda Ume, alipanda meli akiwa na miaka 6. Sita! Aliporudi baada ya miaka 11, Kijapani kilikuwa kimemtoka karibu chote. Kisha mwaka 1883, kwenye sherehe nyumbani kwa waziri wa mambo ya nje, bwana mmoja akamjia kumuuliza kama anamkumbuka. Nani? Ito! Na waziri mwenye nyumba alikuwa Inoue Kaoru, mwingine katika wale vijana 5 watoro.

Ume alianzisha shule ya wanawake mwaka 1900, na tangu tarehe 3 Julai 2024 sura yake imo kwenye noti ya yeni 5,000. Ni siku 8 tu baada ya dhifa ya Buckingham! Lakini hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: noti 3 mpya zilizotoka siku hiyo zina sura za watu 3, na wote 3 waliwahi kuishi ng'ambo. Shibusawa wa yeni 10,000 alikaa Paris, Ume Washington, na Kitasato wa yeni 1,000 alisomea vijidudu Berlin.

Na yule aliyemtangulia Kitasato kwenye yeni 1,000, daktari Noguchi Hideyo, wajua alifia wapi? Accra, mwaka 1928, kwa homa ya manjano, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza.

Zanzibar nayo imo. Mwishoni mwa karne ya 19 waliishi Mji Mkongwe wanawake wa Kijapani, mabinti wa familia maskini waliopelekwa mbali na kwao. Maisha yao yalikuwa magumu, wala hakuna aliyewaandalia dhifa. Nawataja hapa kwa sababu wanastahili kutajwa.

Haya, twende mbio. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru ilishusha Wajapani 781 bandarini Santos, na leo Brazili ina watu wa asili ya Japani wapatao milioni 2! Mjapani Maeda Mitsuyo alifundisha judo mjini Belém, na kutokana na mafunzo hayo ikazaliwa jiu-jitsu ya Kibrazili. Tangu 1965 Japani imetuma vijana wa kujitolea zaidi ya 40,000 duniani: Kenya iliwapokea 1966, Tanzania 1967. Wajapani wanaoishi nje leo ni kama milioni 1.29, na wana shule zao zaidi ya 90 ng'ambo, mojawapo Nairobi. Hata hivyo nyumbani Japani, ni kama mtu 1 tu kati ya 6 mwenye pasipoti!

Ukialikwa kwenye karamu yao, sikiliza. Usinywe kabla glasi hazijainuliwa kwa pamoja. Usijimiminie mwenyewe, mmiminie jirani, naye atakumiminia. Vijiti vya kulia usivisimamishe kwenye wali hata kidogo, maana hivyo ndivyo wanavyofanya msibani. Na ukifika dhifa ya kitaifa katika kasri la mfalme Tokyo, usitafute samaki mbichi: pale huandaliwa chakula cha Kifaransa!

Mwisho wa karamu mara nyingi wote husimama na kupiga makofi kwa mpigo mmoja: 3, 3, 3, halafu 1. Wanafanya hivyo mara 3. Jumla makofi 30! Jaribuni hapo mlipo, tuone nani atapotea njiani.