Ghorofa za Kariakoo: fremu chini, stoo juu

Ukitaka kujua ghorofa la Kariakoo linajilipaje, anzia chini, kwenye fremu za maduka. Mpangaji wa fremu inayotazama mtaa wenye watu hulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingi ameshatoa kilemba kwanza, fedha isiyoonekana kwenye mkataba, ili aachiwe mlango. Ukipima kwa mita ya mraba, hakuna fleti inayoikaribia kodi hiyo. Ndiyo maana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye korido katikati na uani nyuma, ikibomolewa Mtaa wa Kongo au Msimbazi, jengo linaloinuka mahali pake huwa na maduka chini, maduka ghorofa ya kwanza, na pengine handaki lenye maduka pia. Kwenye ramani, ghorofa zilizobaki zinaitwa makazi.

Sisi wa mipango miji tukihesabu majengo haya hutangaza kwamba fleti zinahitajika sana katikati ya Dar es Salaam. Hesabu hiyo inatudanganya.

Panda ngazi asubuhi, saa mbili au saa tatu, uone. Utapishana na wabeba mizigo wakipandisha maboksi ya viatu na mabelo ya vitenge hadi ghorofa ya nne, kwa mabega, kwa sababu lifti imejaa au imekufa. Fungua mlango wa kinachoitwa fleti ya vyumba viwili: sebule imepangwa maboksi hadi darini, chumba cha kulala vilevile. Jikoni sinki lipo na bomba halijawahi kufunguliwa, na juu yake zimewekwa roli za nailoni. Mfanyabiashara anayeuzia wateja wa Zambia, Kongo na Komoro anataka mzigo wake uwe hatua chache kutoka dukani, na atalipa zaidi kuliko familia yoyote. Mwenye nyumba naye anajua kupiga hesabu: stoo haidai maji wala haigombani na jirani.

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaifahamu. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo uhandisi wetu umeviegemea kwa muda mrefu, sakafu ya makazi hukadiriwa kubeba takribani kilo 150 kwa mita ya mraba. Ghala hukadiriwa takribani kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Maboksi yakipangwa mita mbili na nusu kwenda juu, sakafu ya chumba cha kulala inabebeshwa mara nne ya uzito iliyokadiriwa kubeba. Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Chanzo cha ajali ile nawaachia wachunguzi na mahakama. Ninachosema ni kwamba kubadili matumizi ya jengo kimyakimya ni kuchezea roho za watu.

Je, watu hawataki kuishi katikati ya jiji? Wanataka, tena sana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Wengi wa walioongezeka wameangukia pembezoni, Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, kwa sababu huko ndiko kiwanja kinakopatikana. Kila alfajiri wanarudi mjini. Muuguzi wa Muhimbili na karani wa Posta wangefurahi kuamka saa kumi na mbili badala ya saa kumi. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni umepunguza adha kwa walio kando ya njia yake, lakini haujawaleta karibu.

Tatizo lao ni fedha. Chukua mfano wa fleti ya shilingi milioni 200. Ukikopa zote kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, marejesho ni takribani milioni 2.8 kila mwezi, na mwishoni utakuwa umelipa zaidi ya milioni 500. Muuguzi gani atayaweza hayo? Ndiyo maana mikopo yote ya nyumba nchini haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Mnunuzi anayebaki ni mwenye fedha taslimu, na huyo mara nyingi hakai mwenyewe.

Kupangisha kungewafaa zaidi, ila historia yake ni nzito. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa Kisutu, Upanga na mitaa jirani, na baadaye yakaishia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa kizazi kizima, kujenga fleti za kupangisha mjini hakukumvutia mtu binafsi. Fremu ndizo zilizomrudisha.

Mradi wa nyumba wa Magomeni Kota unaonyesha njia nyingine. Ardhi ilikuwa ya umma, mwendokasi unapita jirani, na wakazi wa zamani ndio waliotangulizwa. Fleti 644 zilizinduliwa Machi 2022, na ukifika jioni utakuta nguo zimeanikwa vibarazani na watoto wanacheza chini. Hakuna aliyehitaji kubahatisha kama kuna mahitaji, maana familia zenyewe zilijulikana kwa majina kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Jiji: kila kibali cha ujenzi Kariakoo kitamke ghorofa zipi ni za kuishi watu, na wakaguzi wapande ngazi kila mwaka kuthibitisha. Mabelo yatafutiwe maghala pembeni ya mji, mzigo uingie dukani usiku. Ardhi ya umma iliyo kando ya njia za mwendokasi isiuzwe kiwanja kimojakimoja. Ijengwe fleti za kupangisha kwa kodi ya mwezi. Na wewe unayetaka kununua fleti kwenye majengo haya, dai hati ya sehemu yako chini ya sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kumiliki sehemu ya jengo. Muuzaji akikuonyesha hati moja tu ya kiwanja kizima, usimpe hata shilingi ya kushika nafasi.