Digrii ya sheria peke yake haifungui ofisi ya uwakili

Vijana wanaomaliza LLB huwa wananiuliza: "Kaka, nikishasajili jina BRELA si naanza kupiga kazi?" Jibu ni hapana. Mimi ni wakili, ofisi yangu ndogo niliifungua mwenyewe, kwa hiyo ngoja niwape mtiririko wa Tanzania Bara.

Baada ya digrii unapita Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, na jina lako linaingizwa kwenye daftari la mawakili. Hapo unalipia cheti cha uwakili cha mwaka na ada ya Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), kilichopo tangu 1954. Cheti ni cha kila mwaka. Usipokihuisha, huruhusiwi kufanya kazi ya uwakili hata kama kibao kinang'aa mlangoni.

Sasa ndiyo uende BRELA kusajili jina la ofisi, siku hizi unafanya mtandaoni, kisha TRA uchukue TIN. Chumba, meza, kompyuta na printa vinatosha kuanzia. Matangazo ya kunadi huduma kama sabuni sahau, maadili yetu hayaruhusu. Mteja anakuja kwa kusikia kazi yako.

Panapomaliza watu ni kwenye hela. Fungua akaunti mbili benki: moja ya ofisi, nyingine ya wateja. Mteja akikukabidhi hela ya kununulia kiwanja, hiyo siyo yako, hata kama mwenye nyumba anakugongea mlango kila asubuhi. Ukiichota, Kamati ya Mawakili inaweza kukufuta kwenye daftari, na miaka yote ya shule inakwenda na maji.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya vishoka. Mtu anachonga muhuri, anawaandikia wazee mikataba ya viwanja, na siku kesi inapofika mahakamani yeye hapatikani hata kwa simu. Anayebaki analia ni mzee wa watu.

Kwa hiyo hata wewe usiye mwanasheria, kabla hujatoa hela yako, tafuta jina la wakili kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Upo hapo hapo cafe, ni dakika mbili tu.

Wenye nyongeza, karibuni. Naomba kuwasilisha.