Kivuli Kwanza, Viti Baadaye: Uwanja Unaoifaa Turkana

Picha za Uwanja wa Talanta, ule unaojengwa kando ya Ngong Road jijini Nairobi, zimefika kwenye simu za mashabiki kila pembe ya Kenya. Zimefika Lodwar, zimefika Kakuma, na zimefika Kerio, kule mto wa jina hilo unakokaribia Ziwa Turkana. Tangu hapo, ukigusia uwanja mpya wa timu, mjadala huanzia kwenye jukwaa: liwe na umbo gani, libebe watu wangapi, paa liwe la rangi gani.

Tuanze na bei ya picha hizo. Hati fungani iliyouzwa mwaka wa 2025 kugharamia Talanta ilikuwa ya shilingi bilioni 44.79. Ukiigawanya kwa viti 60,000, kila kiti kinafika karibu shilingi 746,000. Mgao wa serikali kuu kwa kaunti nzima ya Turkana katika mwaka wa fedha wa 2022/23 ulikuwa takribani bilioni 12.6, na humo ndimo zilimopaswa kutoka dawa za hospitali, barabara, visima na mishahara. Shabiki wa Turkana anastahili uwanja mzuri, na ndiyo sababu nataka aujadili kwa vipimo vya kwao: jua, upepo, maji na umbali wa boza linaloyaleta.

Uamuzi wa kwanza hauna bei hata kidogo. Lodwar iko nyuzi 3 hivi kaskazini ya ikweta, na mwaka mzima jua huzama upande wa magharibi, likisogea kiasi tu kusini au kaskazini. Mechi huchezwa jioni kwa sababu mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Uwanja ukilazwa mashariki kwa magharibi, kuna kipa atakayelikodolea jua macho kipindi kizima. Magoli yawe kaskazini na kusini, na watazamaji wakae magharibi, jua likiwa mgongoni. Kabla greda haijaja, kazi hiyo ni ya kamba, vigingi na dira ya simu. Greda ikishapita, kosa hilo hulipiwa upya.

Ukishawaweka watu magharibi, kivuli nacho hushuka bei. Yapata saa mbili kabla ya machweo, jua huwa limebaki nyuzi 30 hivi juu ya upeo. Katika hali hiyo ukuta wa mita 4 hutoa kivuli cha karibu mita 7, bila paa lolote. Kadiri jua linavyoshuka, kivuli kinazidi kurefuka. Safu kadhaa za watu hukaa vizuri hapo.

Wengi wetu tunaposikia kivuli tunafikiria banda la mabati, lakini Turkana mabati yana adui. Upepo wa kusini mashariki unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya ndio huohuo uliofanya mitambo 365 ya umeme isimamishwe ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit. Jukwaa lililo magharibi hufungua mdomo wake mashariki, kwa hiyo upepo huingia mbele na kulisukuma paa kutoka chini. Paa la namna hiyo linahitaji misingi mizito na vyuma vya kulifunga, na gharama hiyo huwa haionekani kwenye mchoro wa fundi. Anayekupa bei ya mabati peke yake hajakupa bei ya paa.

Mimi ningechagua mwarobaini. Umezoeleka mjini Lodwar, hustahimili ukame ukishakomaa, na safu mbili nyuma ya watazamaji zitawapa kivuli kisichochoma kama bati. Ubaya wake ni subira: miche inahitaji maji na ulinzi dhidi ya mbuzi kwa miaka ya mwanzo. Ndiyo maana ningeipanda kabla ya kununua nguzo za magoli, na katika miaka hiyo ya kungoja ningetandaza neti ya kivuli inayoweza kushushwa upepo ukichafuka.

Sasa uso wa kuchezea, ambako fedha nyingi huzikwa. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kila milimita moja ya maji unayoumwagia ni lita 7,140, yaani mitungi 357 ya lita 20. Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka, ilhali Ziwa Turkana hupoteza zaidi ya milimita 2,300 kwa mvuke. Nyasi zinazotaka kubaki kijani katika hali hiyo zinaweza kudai milimita 6 kwa siku: lita 43,000 hivi, au mitungi zaidi ya 2,100. Boza la lita 10,000 litakuja mara nne na maji bado yapungue. Kipimo cha chini cha misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo uwanja mmoja wa nyasi unakunywa maji ya watu wapatao 2,800. Katika wadi ambako mama hutembea na mtungi kichwani, siwezi kuutetea uwanja huo mbele yake, hata timu yangu ikiwa juu ya jedwali.

Wapo watakaokumbusha habari za mwaka wa 2013, ilipotangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna ziwa kubwa la maji. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa, na chumvi si rafiki wa nyasi pia. Kama kuna mahali Turkana ambapo nyasi zinaweza kubishaniwa, ni Lodwar, kwa sababu mto Turkwel unapita pale na bwawa la juu huusaidia kutiririka. Hata hapo ningekubali kiwanja kimoja tu cha mechi kubwa, chenye mita yake ya maji na bajeti inayosomwa hadharani.

Nyasi bandia huokoa maji, lakini zina bili mbili. Ya kwanza ni ya kununua: zulia la kiwango cha FIFA, pamoja na matayarisho ya chini yake, kwa kawaida hupita nusu milioni ya dola, na baada ya miaka 8 hadi 10 linachakaa na kudai jingine. Ya pili hulipwa na nyayo. Chini ya jua kali zulia hilo linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na kulimwagia maji hulipoza kwa muda mfupi tu. Mtoto anayecheza pekupeku saa nane mchana ataungua.

Hata hivyo, Kakuma ningelinunua. Kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei, sasa ina watu karibu 300,000, na vijana wanaotaka kucheza hawahesabiki. Nyasi za kawaida zikikanyagwa na timu nyingi kila siku hufa, ila zulia huvumilia kutwa nzima. Likiwekewa taa za sola, michezo inahamia usiku, joto likiwa limepungua, na shilingi ile kubwa inagawanywa kwa wachezaji wengi mno. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka wa 1995 na akaujulia mpira kwenye vumbi la kambi. Mwaka wa 2022 alipiga penalti moja kati ya zile zilizoipeleka Australia kwenye Kombe la Dunia. Vipaji vya namna hiyo vinastahili saa nyingi za kucheza kuliko safu nyingi za viti.

Kerio ni hesabu nyingine. Hapo ningetengeneza udongo wenyewe vizuri: mawe yaondolewe, katikati painuke kidogo ili mvua za ghafla zitiririke pembeni, mchanga uchanganywe na udongo wa mfinyanzi, kisha ushindiliwe ukiwa na unyevu. Milimita moja ya maji kabla ya mechi hutuliza vumbi, na hiyo haifiki hata boza moja. Ua ni lazima, kwa sababu ya mbuzi na kwa sababu ya mti wa mathenge, ambao miba yake hutoboa mpira na mguu bila kubagua. Udongo unaokwanguliwa na greda usitupwe. Ulundikwe upande wa magharibi uwe tuta la kukalia. Wazee wa Turkana hutembea na ekicholong, kigoda na mto wa kichwa kwa pamoja, kwa hiyo saruji ya ngazi inaweza kusubiri. Vyoo vya wanawake visisubiri.

Kuna ubishi wa mwisho ambao mashabiki wa soka hawaupendi: njia ya riadha. Njia ya mita 400 yenye mistari minane humsukuma mtazamaji mita 12 kutoka mstari wa pembeni, na mita 36 hivi kutoka goli. Kasarani imeishi na umbali huo tangu 1987, na Talanta umeuepuka. Lakini jamii iliyomtoa Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka wa 1988, na kambi alikogunduliwa Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio mwaka wa 2016, haziwezi kuambiwa mbio ni za wengine. Njia ya udongo inagharimu greda na chokaa. Niko tayari kusimama mbali kidogo na goli kwa ajili hiyo.

Njia ya riadha inanikumbusha Kamariny, kule Iten, juu ya bonde ambamo mto Kerio hupita kuja kwetu. Ukarabati ulizinduliwa mwaka wa 2017, kisha kazi ikakwama, na kwa miaka wanariadha wakakosa hata njia ya udongo waliyokuwa nayo. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, timu iulize swali moja katika kila hatua: fedha zikiisha hapa, tutaweza kucheza Jumamosi? Kuweka mwelekeo, kusawazisha, ua, miche na tangi la maji vyote vinapita mtihani huo. Misingi ya jukwaa iliyochimbwa katikati ya kiwanja haipiti.