Katabasamu au kakejeli? Kwa nini hatukubaliani kuhusu sura ya mhusika wa katuni

Jumamosi moja jioni nilikuwa Mwigobero, hapa Musoma, nasubiri samaki wangu wakaangwe. Kwenye benchi la pembeni walikaa vijana watatu: simu moja, vichwa vitatu. Walikuwa wanasoma katuni ya mapenzi inayotoka kila wiki, na walikuwa wamefika kisanduku cha mwisho.

Kwenye kisanduku hicho binti anafunga mlango. Mpenzi wake kabaki nje, mvua inanyesha. Uso wa binti unaonekana nusu tu. Jicho moja limeshuka, pembe ya mdomo imepanda kidogo. Hakuna neno hata moja. Chini pameandikwa: Itaendelea.

"Anamcheka huyu," alisema wa kwanza.

Wa pili akakataa. "Anajikaza asilie."

Wa tatu, aliyeshika simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka jicho likajaa skrini nzima. "Wote mmekosea. Huyu anaogopa. Kuna mtu mwingine humo ndani."

Samaki wakaiva, nikalipa, nikaondoka. Nikawaacha bado wanabishana.

Unaweza kusema ni katuni tu, waache wabishane. Na mimi ningesema hivyo, kama si kilichotokea nyumbani kwetu.

Mama yangu mdogo anaishi Bunda. Siku moja aliweka kwenye status kisanduku kimoja cha katuni: mwanamke kashika sahani tupu, macho kayageuzia pembeni. Yeye kilimchekesha, basi. Wifi yake aliyeko Butiama akakiona. Akakumbuka hajatoa mchango wa harusi ya kijana wa mama mdogo. Akajua anasemwa yeye.

Hakuuliza. Simu zikawa hazipokelewi, salamu zikawa zinapitia kwa watoto. Mchoro mmoja tu, na undugu wa miaka mingi ukaingia doa.

Sasa, inakuwaje mistari michache iliyochorwa na mtu asiyekujua ikakufanya uone dharau, huzuni au hofu? Na kwa nini mwenzako aone kingine kabisa?

Mistari michache, hisia nyingi

Chukua kalamu. Chora duara, weka nukta mbili na kimstari chini yake. Hapo tayari una mtu. Ukikipindisha kimstari kidogo, mtu huyo kafurahi au kanuna.

Rodolphe Töpffer, Mswisi anayetajwa kama mmoja wa waanzilishi wa hadithi za picha, aliliandikia jambo hili mwaka 1845. Alisema uso wowote uliochorwa, hata uwe mbovu kiasi gani, lazima utakuwa na hisia fulani. Huwezi kuchora uso usiosema kitu.

Mwaka 1993 mchoraji wa Marekani Scott McCloud alitoa kitabu kizima kinachoeleza katuni zinavyofanya kazi. Moja ya hoja zake ni kwamba uso ukirahisishwa, msomaji hujiona ndani yake kwa urahisi zaidi. Picha ya kamera ni ya mtu fulani, ana jina lake na kwao. Duara lenye nukta mbili linaweza kuwa wewe, mimi au wifi wa Butiama.

Ndiyo maana kisanduku kile kilimchoma. Mwanamke aliyechorwa hakuwa na alama yoyote ya kumtofautisha na mtu mwingine. Nafasi ilikuwa wazi, akaijaza mwenyewe.

Picha ya jirani ndiyo inayosema

Kuna jaribio maarufu la sinema linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi lake ni hivi: alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha chochote. Akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke.

Watazamaji wakasifia uigizaji. Penye supu waliona njaa, penye jeneza waliona majonzi, penye mwanamke waliona tamaa. Uso ulikuwa uleule, haukubadilika hata kidogo.

Katuni zinafanya hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu kati ya kisanduku na kisanduku kuna nafasi tupu. Tuseme kwenye kisanduku cha kwanza mama kashika fimbo. Kwenye cha pili mtoto yuko nje analia. Nani kampiga? Hakuna aliyechora kipigo. Huenda mtoto kajikwaa mlangoni. Kipigo umekichora wewe kichwani mwako.

Kwenye simu tatizo linakuwa kubwa kidogo. Katuni za kushusha kwa kidole, mtindo uliokomaa Korea Kusini na kusambaa duniani, hukuonyesha kisanduku kimoja au viwili kwa wakati. Ukifika chini, kile cha juu kimeshatoka kwenye skrini. Kurasa za magazeti ya zamani zilikuonyesha vyote pamoja, jicho likawa linarudi lenyewe.

Halafu mtu anakipiga picha kisanduku kimoja na kukirusha kwenye kundi. Hapo picha ya jirani haipo tena. Jirani yake anakuwa chochote ulicho nacho kichwani siku hiyo: deni, ugomvi wa jana, ujumbe ambao haujajibiwa.

Tunatafuta nia hata pasipo na uso

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel, nchini Marekani, walichapisha utafiti uliotumia filamu fupi ya ajabu. Ndani yake kuna pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, vinazunguka karibu na umbo kama nyumba yenye mlango. Hakuna macho wala mdomo.

Kundi la kwanza la watazamaji 34 liliombwa lieleze lilichokiona. Mmoja tu ndiye aliyeeleza maumbo yanayosogea. Wengine waliona viumbe wenye makusudi, na wengi walisimulia visa vya wapenzi, vita na mbabe anayeonea wenzake.

Yaani binadamu haoni mwendo tu, anaona kusudi. Uwezo huo unatusaidia sana. Ndio unaomwezesha kondakta kujua abiria gani atashuka bila kulipa, na mama kujua mtoto kavunja nini kabla hajaambiwa. Kasoro yake ni moja: hauna kitufe cha kuuzima. Hata panapo pembetatu tu, unatuletea mkorofi.

Macho au mdomo?

Kuna jambo jingine linalotutenganisha: sehemu gani ya uso tunaiamini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Masaki Yuki na wenzake ulilinganisha Wajapani na Wamarekani katika kusoma nyuso. Wajapani walitegemea macho zaidi, Wamarekani wakategemea mdomo. Hata alama walizozoea kuandika kwenye simu na kompyuta zinafuata njia hiyo. Mjapani huandika ^_^ kuonyesha furaha, mdomo ukiwa mstari tu. Mmarekani huandika :) na kubadili mdomo.

Rudi sasa kwenye lile benchi la Mwigobero. Aliyesema "anamcheka" alikuwa anasoma mdomo uliopanda. Aliyesema "anajikaza asilie" alikuwa anasoma jicho lililoshuka. Wa tatu aliangalia mlango. Wote walikuwa na ushahidi, ila kila mmoja alishika kipande chake.

Zamani jina lilimaliza kazi

Wasomaji wa umri wa wazazi wetu hawakupata shida hii sana. Waliosoma jarida la Sani, lililoanza miaka ya 1980 na kupewa jina kutokana na waanzilishi wake Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, walikutana na mhusika anayeitwa Ndumilakuwili. Hapo nia unaijua kabla hujatazama uso: ni nyoka anayeuma huku na huku. Lodi Lofa naye, jina limeshakueleza.

Miongoni mwa waliowapa wahusika wa Sani sura zao ni Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki mwaka 1986. Kazi yake haikuwa kukuficha mhusika ni nani. Utamu ulikuwa kuona leo ataumbuka vipi.

Kwenye jukwaa la maigizo nako kuna njia ya kuweka nia wazi. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ndani yake Brutus anamuua rafiki yake. Lakini kabla ya kumuua tunamsikia akiwa peke yake, akijieleza kwa nini. Unaweza kumkatalia, ila sababu zake umezisikia kinywani mwake.

Katuni nazo zilikuwa na kiputo cha mawazo, kile chenye umbo la wingu. Wachoraji wengi wa siku hizi wamekipunguza. Wanakuachia uso na kimya.

Shujaaz, katuni iliyoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye kufika Tanzania, ilipita njia nyingine. Mhusika wake mkuu wa Kenya, DJ Boyie, ni kijana anayerusha redio kwa siri. Wasomaji waliweza kumwandikia ujumbe kama rafiki wa kweli, na mhusika akajibu. Ukiwa na shaka na nia yake, unamuuliza.

Kwa Masoud Kipanya mambo ni tofauti. Panya wake anajulikana nchi nzima, na mara nyingi vibonzo vyake vina maneno machache sana. Mmoja atasema kamsema waziri, mwingine atasema katusema sisi wananchi, wa tatu ataomba atafsiriwe. Mjadala wa maana ndio nusu ya burudani.

Kwa nini kusubiri kunatupandisha joto

Hadithi ikitoka kwa vipande, kila sehemu huishia mahali penye swali. Katuni ya Lore Olympus, ya Rachel Smythe wa New Zealand, ilitoka kwa mtindo huo kuanzia 2018 hadi 2024. Hiyo ni miaka sita ya kuulizana fulani alimaanisha nini.

Ndani ya wiki moja ya kusubiri, dhana yako inaota mizizi. Jumatatu ulisema "nadhani anamcheka". Ijumaa unasema "anamcheka" tu, neno nadhani limeshadondoka njiani. Sehemu mpya ikitoka, unaisoma ukitafuta ushindi wako ndani yake.

Na ndivyo ilivyomtokea wifi. Siku ya kwanza alihisi anasemwa. Baada ya wiki mbili alikuwa na uhakika. Katikati hapo hakuna jipya lililotokea, isipokuwa kimya.

Kabla hujahukumu

Haya unaweza kuyafanya kwenye katuni yoyote, hayali bando:

1. Rudi nyuma visanduku vitatu. Mara nyingi sababu ya sura hiyo ilipita wakati kidole kina haraka.

2. Soma mwili. Uso unaweza kudanganya, lakini angalia mabega, vidole, miguu inakoelekea. Wachoraji wazuri huweka ukweli mikononi.

3. Ziba mdomo wa mhusika kwa kidole, soma macho. Kisha ziba macho, soma mdomo. Vikipingana, ujue mchoraji kakuachia mtego makusudi.

4. Jiulize mhusika huyu anakukumbusha nani. Ukimpata, ujue unamsoma huyo, siyo aliyechorwa.

5. Kama picha imetumwa na mtu unayemfahamu na imekuuma, mpigie. Mhusika wa katuni hawezi kukujibu, ndugu yako anaweza.

Ilivyoishia

Hiyo namba tano nimeipata kwa mama mdogo mwenyewe. Walikutana msibani Butiama, jikoni, kila mmoja na sufuria lake. Wifi akashindwa kuvumilia.

"Wifi, ile picha ya sahani ulinilenga mimi?"

"Picha gani tena, wifi jamani?"

Ikabidi simu itolewe na kisanduku kitafutwe. Mama mdogo akasoma katuni nzima kwa sauti, kuanzia juu. Kumbe mwanamke wa sahani tupu kala chakula cha wageni, sasa anasikia wanabisha hodi. Macho kayageuzia mlangoni. Ni aibu yake mwenyewe, hakuna anayesemwa.

Wifi akacheka. Halafu akasema pole pole kwamba mchango bado hajapata. Mama mdogo akamwambia hilo alishalisahau, kilichomuuma ni kutopokelewa simu.

Na wale vijana wa Mwigobero? Nilipita tena wiki iliyofuata. Sehemu mpya ilikuwa imetoka. Binti alikuwa anaumwa jino.

Wote watatu walikuwa wanaambiana kitu kimoja: "Si nilikwambia?"