TAMAA NA MSONGO WA MAWAZO

Mtahiniwa, methali "Mtaka yote hukosa yote" hutakiwi kuikariri tu; unatakiwa kuieleza na kuitolea mifano.

Kwanza, tofautisha haja na tamaa. Haja ina kikomo: mwenye njaa akila hushiba. Tamaa haina kikomo: ukipata kimoja, moyo hudai kingine.

Tamaa humletea mtu mateso kwa njia zifuatazo:

(a) Humwondolea kuridhika. Mwanafunzi ana simu ya kitochi inayopiga na kupokea vizuri. Akiona simu janja ya mwenzake, yake huanza kumtia aibu. Simu haijaharibika, ameanza kujilinganisha.

(b) Humharakisha. Hapa Kawetele na kwingineko Rungwe, mkulima akivuna parachichi changa ili awahi fedha, matunda husinyaa badala ya kuiva vizuri, na mnunuzi huyakataa. Anapoteza mavuno kwa kushindwa kusubiri wiki chache.

(c) Humpofusha. DECI ilichukua fedha za wananchi kwa lugha ya "kupanda mbegu", ikiahidi mavuno makubwa kwa muda mfupi. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Serikali iliposimamisha mchezo huo mwaka 2009, wengi waliochelewa kupanda hawakuvuna. Wachache walijiuliza mapema: faida hii inatoka wapi?

Je, kutaka kufaulu ni tamaa? Hapana. Hamu inayokupeleka kwenye daftari ni lengo. Hamu inayokupeleka kutafuta mtihani uliovuja ni tamaa. Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya anayebainika kudanganya, na miaka minne ya masomo na jasho la wazazi hupotea.

Hata lengo jema huleta msongo ukiwaza matokeo tu. Anayekesha akifikiria daraja la kwanza na maneno ya majirani hasomi wala halali. Matokeo ya Januari huwezi kuyashika leo; mada ya leo unaweza. Kwa hiyo:

1. Panga mada chache kila siku, uzimalize.
2. Jipime kwa alama zako za jana, usijipime kwa za mwenzako.
3. Lala vya kutosha.
4. Ukizidiwa, mweleze mzazi, mlezi au mwalimu wa ushauri nasaha. Usinyamaze.

ZOEZI
1. Eleza tofauti tatu kati ya haja, lengo na tamaa.
2. "Tamaa mbele, mauti nyuma." Jadili kwa hoja nne, ukitoa mifano ya mazingira unayoishi.