Rimu 18 au 16? Fizikia ya tairi na breki kwa gari la kasi, kuanzia Tanga hadi Pangani

Impreza na Altezza si magari ya Dar na Arusha peke yake siku hizi. Sikukuu zikifika utayaona Pangani, yanapita mjini kuelekea Ushongo, nusu yake yamevaa rimu za inchi 18, mengine 19. Ndani ya rimu kalipa imepakwa rangi nyekundu, na mara nyingi rangi ndiyo kitu pekee kilichobadilika. Wenye magari haya wanauliza swali moja tu: nikipata hela kidogo, nianze na rimu au nianze na breki?

Jibu langu linaanzia mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Breki hazisimamishi gari. Breki zinazuia gurudumu lisizunguke. Kinachosimamisha gari ni msuguano kati ya tairi na barabara, kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mkono hivi. Fomula ya umbali wa kusimama wengi tuliiona sekondari: kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya kizio cha msuguano mara mvutano wa dunia. Tuiweke namba. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, lami kavu na matairi mazuri yenye kizio cha 0.9, unahitaji kama mita 44. Matairi yaliyokakamaa, kizio kikashuka hadi 0.7, unahitaji mita 56. Kwenye changarawe iliyolegea, tuseme 0.5, ni kama mita 79. Na hapo sijahesabu muda wa wewe kushtuka na kunyanyua mguu.

Itazame tena fomula hiyo. Diski hazimo. Kalipa hazimo. Hata uzito wa gari haumo. Kama breki zako za kiwandani zina nguvu ya kufanya ABS ianze kugonga mguu, maana yake zimeshafika mwisho wa uwezo wa tairi. Hapo hata ukifunga kalipa ya pistoni sita, gari litasimama palepale liliposimama jana.

Basi breki kubwa ni za nini? Ni za joto.

Gari likiwa kwenye mwendo lina nishati, na ukikanyaga breki nishati hiyo haipotei, inageuka joto kwenye diski na pedi. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa linatoa kilojuli 540 hivi. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70, na kila diski ya mbele ina kilo 7. Kwa hesabu ya haraka, kila ukisimama diski hizo zinapanda joto kama nyuzi 60 za Selsiasi. Mara moja si kitu, upepo utazipoza. Shida inakuja pale unaposimama tena na tena kabla hazijapoa.

Mkoa wa Tanga una mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, na si Pangani. Ni barabara ya kushuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo. Unashuka karibu mita 1,000. Gari lile lile la kilo 1,400 linapoteza nishati ya megajuli 13.7 kwa kushuka tu, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa mara 25 mfululizo. Kama mzigo huo wote ungebebwa na breki bila kupoa hata kidogo, diski za mbele zingefika joto linaloyeyusha chuma chenyewe. Haziyeyuki kwa sababu upepo unapoza, na kwa sababu dereva mwenye akili anaweka gia nzito na kuiachia injini ishike gari. Asiyefanya hivyo ndiye unayemkuta Mombo kaegesha pembeni, magurudumu yananuka kama kitu kilichoungua jikoni.

Diski kubwa inasaidia hapo kwa njia mbili. Ina chuma kingi zaidi, kwa hiyo joto lile lile linaipandisha kidogo tu, na ina eneo kubwa zaidi la kupigwa na upepo. Kuna faida ya tatu, ndogo: pedi inashika mbali zaidi na katikati, kwa hiyo nguvu ya kuzuia inaongezeka kwa mkanyago ule ule. Mfano unaojulikana kwa watu wa Subaru ni kuchukua breki za Brembo za Impreza STI ya kizazi cha pili na kuzifunga kwenye WRX. Diski ya mbele inatoka milimita 294 hivi kwenda 326. Ongezeko la asilimia 11 kwenye kipenyo, na nyama zaidi ya kubeba joto.

Na hapa ndipo rimu inapoingia kwenye hadithi kwa haki. Brembo hizo haziingii ndani ya rimu ya inchi 16, zinataka 17. Hiyo ndiyo sababu ya kiufundi iliyo safi kabisa ya kukuza rimu: nafasi ya breki. Sababu ya pili ipo pia, nayo ni kwamba ubavu mfupi wa tairi haupindi sana kwenye kona, kwa hiyo usukani unajibu haraka. Sababu ya tatu ni urembo, na sina ugomvi na urembo, ila tusiuite usalama.

Sasa hesabu ya tairi, maana hapa watu wanapigwa. Chukua tairi lililoandikwa 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo: asilimia 55 ya 205 ni milimita 113. Ya tatu ni rimu kwa inchi. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, unapata kipenyo cha milimita 632. Ukihamia 215/45R17 unapata 625, na 225/40R18 unapata 637. Yote yamo ndani ya asilimia moja na kidogo, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana na tairi halitasugua bodi. Lakini mtu akikuuzia 225/50R18 kwa kuwa "ndiyo iliyopo", kipenyo kinafika 682. Spidomita ikisema 100, wewe uko kama 108, na ukikata kona kali utasikia tairi linakwangua ndani ya matagadi.

Kwa hiyo rimu ikikua, ubavu lazima upungue. Kutoka milimita 113 unashuka hadi 90. Na ubavu ndio unaokula pigo kabla rimu haijaguswa.

Barabara ya Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami imebadilisha mambo, lakini ukiiacha barabara kuu kuingia fukweni au vijiji vya ndani bado utakutana na udongo, mchanga, na mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno. Hata kwenye lami yenyewe kuna matuta kila penye kijiji. Tairi lenye ubavu mfupi likigonga ukingo wa shimo, mpira unabanwa kati ya jiwe na mdomo wa rimu. Nyuzi za ndani zinakatika, baada ya siku mbili unaona uvimbe ubavuni kama jipu. Uvimbe huo hauzibwi kama pancha. Tairi limekufa, na likipasuka halichagui mahali.

Wanaoshindana kwa gari wanalijua hili kuliko sisi. Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikikimbiwa Naivasha, Kenya. Magari ya daraja la juu yanapokimbia kwenye changarawe kama ile yanavaa rimu za inchi 15 na tairi la 205/65. Magari yale yale yakienda kwenye lami ya Monte Carlo yanavaa rimu za inchi 18 na tairi la 235/40. Piga hesabu yake: la kwanza lina kipenyo cha milimita 648, la pili 645. Urefu ni ule ule karibu kabisa, ila ubavu ni milimita 133 kwa lile la changarawe na 94 kwa lile la lami. Diski nazo zinabadilika: mbele ni milimita 300 kwenye changarawe, na hadi 370 kwenye lami kwa magari ya daraja la juu kabisa. Yaani timu zenye hela ya kununua chochote duniani zikija kwenye barabara mbovu zinapunguza rimu, zinapunguza na diski ili zitoshe ndani yake. Zinaweza kufanya hivyo kwa sababu changarawe haina mshiko wa kutosha kuitumia breki kubwa.

Sijui ni nini zaidi mtu anahitaji kuambiwa kabla ya kuvaa 19 kwenda Ushongo.

Kwa gari linaloishi kati ya Tanga mjini, Pangani na safari za Dar, mimi ningebaki 16, au 17 kama breki zinailazimu. Ukinunua rimu, angalia mambo matatu ambayo hayaonekani kwa macho. Mpangilio wa matundu ya nati: WRX nyingi ni 5x100, Altezza ni 5x114.3, na STI yenyewe ilianza na 5x100 kisha katikati ya kizazi kile ikahamia 5x114.3, kwa hiyo jina la gari pekee halitoshi. Tundu la katikati: Subaru ni milimita 56.1, Toyota nyingi 60.1. Rimu ya Toyota kwenye habu ya Subaru inabaki na nafasi, gari linatetemeka, na nati zinabeba kazi isiyo yao, kwa hiyo weka pete za kuziba. La tatu ni ofseti, ile namba ya ET iliyochongwa nyuma ya rimu. Ikikosewa sana, gurudumu linatoka nje ya bodi na beringi zinachoka mapema.

Upande wa breki, kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachosahaulika zaidi: mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na sisi wa pwani unyevu ndio tunaovuta mchana na usiku. Kwa kiwango, DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 tu, kiwango cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Sasa rudi kwenye mtelemko wa Soni. Joto linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kalipa, mafuta yanachemka, na povu la mvuke linajaa kwenye mfumo. Mafuta hayabinyiki lakini mvuke unabinyika, kwa hiyo pedeli inazama hadi chini na gari linaendelea. Kalipa ya bei mbaya yenye mafuta ya miaka mitano ndani yake itafanya hivyo hivyo. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na fundi atumie kopo ambalo halijafunguliwa, si lile lililokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka juzi.

Baada ya mafuta ni matairi. Tafuta ubavuni namba nne baada ya neno DOT: 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini umri wa miaka kumi ni mpira uliokakamaa, na umeshaona juu ni mita ngapi zinazopotea hapo. Kisha pedi. Usishawishike na pedi za mashindano. Nyingi zinataka zipashwe joto kwanza ndipo zishike, na mbuzi wa Kigombe hasubiri pedi zako zipate moto. Diski zenye matundu nazo ni nzuri kwa picha, ila matundu ndipo nyufa zinapoanzia.

Ukishamaliza hayo na bado unashuka milima kwa kasi au unakimbia mashindano, hapo ndipo breki kubwa zina maana. Zikifungwa, zifungwe mbele na nyuma kwa uwiano. Ukiongeza nguvu mbele peke yake, matairi ya mbele yanafika kikomo mapema na ya nyuma yanabaki yamelala, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Pistoni kubwa kwenye kalipa nazo zinataka mafuta mengi zaidi kusogea, kwa hiyo pedeli itashuka chini kuliko ulivyozoea. Muulize fundi kama silinda kuu itatosha. Akikutazama kama umeuliza kwa Kijerumani, tafuta fundi mwingine.

Na chumvi. Gari lililolala ufukweni usiku mmoja linaamka diski zina kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo ya juu inafutika kwa kukanyaga breki mara mbili tatu. Inayoumiza ni ile inayoingia kwenye pini ambazo kalipa inatelezea: zikiganda, pedi ya upande mmoja inafanya kazi peke yake, inaisha, na gari linavuta upande. Ukirudi kutoka ufukweni osha ndani ya rimu kwa maji yasiyo na chumvi, lakini subiri diski zipoe kwanza, na kila pedi zinapobadilishwa mwambie fundi atoe hizo pini, azisafishe na kuzipaka grisi inayostahimili joto.