Injini Mpya ya Helikopta Ndogo

Mkulima mwenye busara hamfungi nira maksai mchanga akamlimisha kutwa siku ya kwanza. Humzoeza kidogo kidogo mpaka shingo yake ipate nguvu. Injini mpya nayo ni vivyo hivyo, hata ikiwa ndogo kama ngumi.

Katika nchi nyingi wako watu wanaorusha helikopta ndogo na kuziongoza kutoka chini kwa redio. Mjerumani mmoja, jina lake Dieter Schlüter, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufaulu katika kazi hiyo, karibu na mwaka 1970. Siku hizi nyingi huendeshwa kwa umeme wa betri, lakini zingaliko zenye injini ya mafuta.

Mafuta yake kwa kawaida si petroli. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: methanoli, ambayo ni namna ya spiriti, nitromethani, iongezayo nguvu, na mafuta mazito ya kulainisha vyuma. Methanoli ni sumu kali, na mwanga wa moto wake hauonekani vizuri mchana. Kwa hiyo haifai kabisa kuionja, wala kuimimina karibu na moto.

Injini hii haiwashwi kwa cheche kama ya motokaa. Juu ya silinda pana plagi yenye uzi mwembamba wa platini. Betri ya volti 1.5 huutia uzi huo joto mpaka uwe mwekundu. Injini ikiisha kuwaka, betri huondolewa, nao uzi huendelea kung'aa. Kwa kuwa methanoli ikigusa platini hutoa joto, na kila mwako wa mafuta huongeza joto hilo.

Kabla ya kuwasha, mrushaji huhakikisha mambo mawili. Kwanza, mlango wa kabureta uwe karibu kufungwa, ili injini ianze polepole. Pili, kichwa cha mapanga kishikwe imara kwa mkono. Sababu ni hii: injini ikienda mbio, klachi hushika, na mapanga huanza kuzunguka. Panga moja laweza kuwa na urefu wa sentimeta 60, nalo laweza kumvunja mtu mkono, hata kumwua.

Ndipo huizungusha injini kwa mota ndogo ya umeme. Ikikataa kuzunguka, haishurutishi. Huenda silinda imejaa mafuta, na mafuta hayashindiliki kama hewa. Huondoa plagi, akayatoa.

Injini ikianza kunguruma, kazi ya kuizoeza imeanza. Katika injini nyingi za namna hii, silinda ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na pistoni ni ya aluminiamu. Silinda ni nyembamba kidogo upande wa juu, hata pistoni hubanwa injini ikiwa baridi. Joto likija, silinda hutanuka kuliko pistoni, na vyote viwili hukaa sawasawa.

Sindano ya kabureta hufunguliwa kupita kawaida kidogo, ili mafuta yaingie kwa wingi, yalainishe na kupoza vyuma. Moshi mweupe ukitoka tele bombani ni dalili njema. Helikopta huinuliwa taratibu, hukaa hewani dakika chache, kisha hushushwa ipate kupoa. Kwa kila tangi linalofuata, sindano hufungwa kidogo sana.

Mwenye haraka akiifunga upesi, moshi hupungua, joto hupanda, na pistoni huchubuka. Jeraha hilo haliponi kwa kuifungua sindano tena. Lakini mwoga naye hukosea. Akiiacha injini izunguke baridi muda mrefu kwa mafuta mengi mno, silinda haitanuki, na pistoni hubanwa na kulika.

Kazi ikiisha, mafuta yaliyobaki huondolewa, na ndani ya injini hutiwa matone ya mafuta ya kulainisha. Maana methanoli huvuta maji, na maji huleta kutu.

Haraka haraka haina baraka, nayo ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye injini mpya hana budi kuzikumbuka methali zote mbili kwa pamoja, huku akiutazama moshi na kuusikiliza mlio.